Mrejesho: ile kozi ya maafisa ustawi, nilienda

Wakuu nimerudi, niliuliza kama niende kozi fupi ya sisi maafisa ustawi wa jamii tunaozunguka mashuleni au nisubiri mwajiri alipie, wengi mkasema we nenda tu. Basi nimeenda siku tano kwa hela yangu, mwajiri hata nauli hakutoa. Siku mbili za mwanzo slaidi tupu, nilisinzia. Ya tatu tukafanyishwa igizo, mi mtoto wa darasa la nne anayepigwa nyumbani, mwenzangu ananiuliza "mbona hukusema mapema?" aisee nikabaki kimya, na hilo swali mi nawauliza watoto kila siku! Sasa hivi nauliza "ikawaje?" halafu nanyamaza. Na 116, ile namba ya bure ya watoto, nimeibandika mpaka mlango wa choo cha wasichana. Cheti bado, eti wiki ijayo.