Kumbikumbi wametokea ndani na madirisha nimefunga, hii imekaaje?

mzee wa zabibu: Wakuu habari. Jana mvua ya kwanza imepiga huku Nkuhungu, tukashukuru maana vumbi lilishatuchosha, sasa ile saa mbili usiku naona kumbikumbi kibao sebuleni na madirisha nimefunga na nyavu zipo. Asubuhi mama watoto anafagia anakuta rundo la mabawa chini ya fremu ya mlango wa chumbani. Ni wale wa kufuata taa au nina mchwa? Nyumba ina miaka 6 tu.

kijana wa Manyoni: Unalia neema mkuu? Wenzio tunatega beseni la maji chini ya taa, kikaangoni na chumvi basi, mafuta wanayo wenyewe 😂

bisibisi: Wa kufuata taa wanatoka vichuguu vya nje, hao hawana neno, asubuhi kuku wanamaliza. Ila wakitokea ndani na mabawa yako sehemu moja, wamezaliwa humo humo. Gonga hiyo fremu, ikilia wazi ichome na bisibisi. Angalia na ukutani kama kuna mistari ya udongo inapanda darini.

mama Ihumwa: Hakikisha kwanza sio sisimizi wenye mabawa, mimi nilimwaga dawa bure. Sisimizi ana kiuno chembamba na mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma. Kumbikumbi kiuno hana, mabawa yote manne sawa na yanapukutika ukigusa tu

mzee wa zabibu: Dah. Nimechoma, bisibisi imezama mpaka mpini kama kwenye ugali. Ndani udongo mtupu, kumbe rangi ndo ilikuwa imeshikilia mlango.

bisibisi: Pole sana. Usihangaike na dawa ya kopo ya mbu, utaua wa juu wenzao wako chini ya jamvi (zege la sakafu). Dawa ya mchwa iingie ardhini, mtu anayeijua atoboe matundu sakafuni kufuata ukuta na nje achimbe mfereji kuzunguka msingi. Hii ilitakiwa imwagwe kabla ya jamvi ila wengi tunaruka hapo kubana hela. Na kama una kuni umeegemeza ukutani toa leo.

mzee wa zabibu: Kuni zipo kweli 🙈 Basi safari hii naweka fremu ya chuma yaishe.

bisibisi: Chuma hawali, watapita pembeni yake wakafuate kenchi (mbao za paa). Dawa kwanza.

kijana wa Manyoni: Na wakishapigwa dawa ndo hawaliki tena eeh?