Huyu fundi amenipimia mlango ukiwa WAZI na anataka nilipe leba yake

Kiamunyi_Mathe:
Niko hapa kwangu mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnisamehe. Mnamjua. Msijifanye hamumjui, yule wa kubandika mazera, yale mawe bapa ya kurembesha ukuta, ukiuliza Njoro utaambiwa, ukishuka Free Area utaambiwa, nusu ya kuta za Nakuru amezibandika yeye na nusu ingine zinangoja amalize kula advansi.

Tuliongea 600 kwa skwea mita, leba peke yake. Mawe nimenunua mimi, simiti yangu, mchanga wangu, maji yangu, hadi chai ya saa nne na ndengu ni zangu. Leo asubuhi ndio amekuja kupima. Akapima ukuta wa mbele, sawa. Wa kando, sawa. Akafika mlangoni, mlango uko wazi, mtoto wangu anapita na kikombe cha uji, huyu mtu akamwambia mtoto "hebu simama hapo kidogo," akavuta tepu kutoka fremu hii hadi fremu ile, AKAANDIKA. Nikamuuliza fundi, hapo utabandika mawe, sisi tuwe tunaingilia wapi, kwa paa? Akaniangalia vile daktari huangalia mgonjwa, akasema, "Mathe, hata shimo lina kingo."

HATA SHIMO LINA KINGO!!

Nimetoa kalkuleta. Madirisha manne ya 1.5 kwa 1.2, mlango wa jikoni, na ule mkubwa wa vioo wa sitting room wa 2.4 kwa 2.1. Hiyo ni kama skwea mita 14 za hewa. 14 mara 600 ni 8,400. Nalipa elfu nane na mia nne ya upepo wa Menengai!

Na hapo bado. Plasta yangu ni laini sana ati lazima waidonoe yote ndio simiti ishike, hiyo ni pesa ingine. Gebo, ile pembetatu ya ukuta chini ya paa, iko juu, jukwaa ni pesa ingine, na hizo mbao za jukwaa ni zangu. Mawe yangu si ya kukatwa na mashini, ni yale vipande vipande, ati kupanga kunachukua siku mbili zaidi. Disku za grinda ni zangu. Fea ya mtu wa mkono kutoka tauni ni yangu. Sasa mimi najiuliza yeye analeta nini, tepu? Na hiyo tepu ndio imepima mlango wazi, mtoto amesimama pale na uji unapoa, mtu anaandika kwa karatasi kama askari wa kanjo.

Hata shimo lina kingo. Nkt.

Babu_wa_Lanet:
Pole mama. Huyo mtu alinipimia hadi tangi la maji, na sikuwa nataka mazera huko.

Shemeji_Shabab:
😂😂 sasa huyo mtoto alisimamishwa kazini asilipwe? Andikia fundi invoisi, mtu wa mkono nusu saa.

Timazi_KSM:
Mimi ni fundi, niko Mamboleo, na nitatukanwa lakini wacha niseme. Dirisha dogo wengi wetu hatulitoi kwa vipimo. Ukuta mtupu naweza maliza skwea mita nyingi kwa siku, lakini nikifika dirishani kuna pande nne za kukata, mawe yanavunjika, kona zinataka zikae timazi, hapo ndio siku huishia. Kona ndio kazi, ukuta si kazi. Kudonoa plasta laini pia ni kweli, usipodonoa mawe yatakuangukia mvua ya Aprili. LAKINI ule mlango mkubwa wa vioo alifaa autoe, hiyo ni wizi.

Kiamunyi_Mathe:
Kwa hivyo na wewe unaniambia kingo. Nyinyi mlisomea shule moja?? Mwambie basi alipishe kingo kwa mita, aseme hapa kuna mita kadhaa za kingo, nitalipa. Asinipimie hewa mbele ya mtoto.

Nyalenda_Juu:
Angalau yako ni kwa skwea mita. Huku Kisumu niliweka mtu wa kulipwa kwa siku, wueh. Saa nane mawingu yanakuja kutoka lake, anashuka jukwaa, anaoga, saa tisa mvua haijanyesha yuko stage. Siku sita, ukuta mmoja.

Mwana_wa_Webuye:
Nyinyi mnalalamika na mafundi wenu wanakuja? Mimi nyumba yangu ni ya mbao, nikasema niivalishe mabati kuta zote, leba ni rahisi kwa sababu karatasi moja inafunika sehemu kubwa na ni skurubu tu. Walitoa mbao kuukuu bei yao, sawa. Wakafunga kuta mbili. Ya tatu ikapata msimu wa kuvuna mahindi. Hadi leo. Nalala nikiona nyota upande wa jikoni.

Shemeji_Shabab:
Huyo hajapotea, ako shambani. Gunia mliuza ngapi huko mwaka huu?

Mwana_wa_Webuye:
Usiniulize gunia ndugu yangu. Broka alikuja na gorogoro yake, lile kopo la kupimia mahindi, imepigwa nyundo chini ikatokea tumbo, anajaza hiyo tumbo pia.

Babu_wa_Lanet:
Hao wa gorogoro ya tumbo wako hadi hapa Bahati kwa viazi, wanafunga gunia na kofia juu hadi linapita urefu wa mtu. Huo ndio wizi mimi naongelea kila siku na hakuna mtu anafungua uzi.

Nyalenda_Juu:
Nani ako na mahindi kavu upande wa Moi's Bridge? Nakuja na pikap Jumamosi, na napima na mizani.