Picha rasta kubwa kwenye seva ya ramani: faili moja la COG, faharasa ya vipande, kache ya vigae au ECW?

Kigae256
Wakuu, habari zenu. Nina picha za anga za rangi tatu, biti 8 kwa kila bendi, pikseli moja ni sentimita 20 ardhini. Zilikuja kama vipande vya GeoTIFF (faili la picha linalobeba na mahali pake kwenye ramani) pamoja na faili moja lililounganishwa, pikseli 100,000 kwa 80,000. Natakiwa nizitoe kwa WMS (huduma ya kuomba picha za ramani mtandaoni) kupitia MapServer, programu ya seva ya ramani. Watumiaji wengine wako kwenye QGIS (programu ya ramani ya mezani), wengine kwenye kivinjari.

Ukivuta karibu, inasuasua. Ukirudi mbali uone eneo zima, nako unasubiri. Njia ninazozipima ni nne: COG moja kubwa (GeoTIFF iliyopangwa ili isomwe kwa urahisi kutoka mbali), kubaki na vipande na kuvitengenezea faharasa kwa gdaltindex, kutengeneza vigae (vipande vidogo vya mraba vya picha) mapema kwa MapCache, programu ya kuvihifadhi, au ECW, muundo wa picha zilizobanwa ambao kuna mtu ofisini anausifia kila siku kwa udogo wa mafaili yake. Ninyi mnatumia ipi, na kwa nini?

Bi_Rasta
Kabla hujachagua chochote, endesha gdalinfo (amri ya GDAL, maktaba ya kusoma rasta) kwenye hilo faili kubwa utuletee mstari wa Band 1. Tunataka kuona Block inasemaje, na kama chini yake pana Overviews, yaani piramidi: nakala zilizopunguzwa za picha ile ile.

Kigae256
Huu hapa:

`Band 1 Block=100000x1 Type=Byte, ColorInterp=Red`

Overviews hakuna. Nikajaribu pia nakala nyingine yenye TILED=YES, Block ikawa 256x256. Karibu ikawa nyepesi kweli, lakini mbali ikazidi kuwa nzito kuliko mwanzo. Hapo ndipo nilipokwama.

Bi_Rasta
Basi jibu lako liko humo humo, na wala halihusiani na MapServer.

Block=100000x1 maana yake picha imehifadhiwa mstari kwa mstari, toka ukingo hadi ukingo. Mstari mmoja ni pikseli 100,000 mara baiti 3, yaani KB 300. Mtu akiomba dirisha la pikseli 1000 kwa 1000, GDAL inasoma bloku nzima nzima, kwa hiyo inasoma mistari 1000 yote: MB 300 ili itoe picha ya MB 3. Ukigawa faili kwa vigae vya 256x256, dirisha lile lile linagusa vigae kama 25, na kila kimoja ni karibu KB 197 kabla ya kubanwa. Haifiki MB 5. Ndiyo maana karibu kumekuwa kwepesi.

Sasa rudi mbali. Ukitaka picha nzima iingie kwenye pikseli 1000, inachukuliwa pikseli moja katika kila 100. Kwenye faili la mistari, mstari mmoja kati ya 100 unasomwa na 99 inarukwa: MB 240 hivi. Kwenye faili la vigae, ukiruka hatua ya pikseli 100 bado unaangukia ndani ya kila kigae, hakuna hata kimoja kinachoponyoka. Unasoma GB 24 zote. Vigae bila piramidi ni kazi nusu, na ile nusu iliyobaki ndiyo yenye uzito.

Dawa ni hii:

`gdaladdo -r average picha.tif 2 4 8 16 32 64 128`

Piramidi zinaongeza theluthi moja tu ya ukubwa wa faili, kwa sababu kila ngazi ni robo ya iliyotangulia. Ukifika 128, picha nzima ina upana wa chini ya pikseli 800, na kuisoma hiyo ni kufumba na kufumbua.

SevaBaridi
Maelezo mazuri dada, ila naona mnazunguka. Kama watu wengi wanaangalia kwa kivinjari, tengeneza vigae kwa MapCache, umalize. Kigae kikiwa tayari, seva haisomi GeoTIFF, haibadilishi projeksheni, haibani JPEG. Inakabidhi faili tu. Hakuna COG itakayoishinda hiyo kwa kasi.

Na eneo la mkuu si kubwa. Sentimita 20 mara pikseli 100,000 ni kilomita 20, kwa 16. Karibu na ikweta, ngazi ya 19 ya kuvuta karibu kwenye gridi ya kawaida ya wavuti ina pikseli ya sentimita 30 hivi, na kigae cha 256 kinafunika mita 76. Ni vigae kama 55,000. Ngazi ya 20 ni mara nne, kama 219,000. Jumlisha na zote za chini yake, unafika laki tatu kasoro. Weka kwenye faili la SQLite, usizimwage diskini moja moja, maana kunakili mafaili madogo laki tatu ni adhabu.

Mpimaji_wa_Zamani
SevaBaridi, ngoja nikupinge kidogo. Umesahau watu wa QGIS. Hao wanaomba ramani kwa mizani yao na kwa projeksheni yao, halafu wanachapisha kwenye karatasi ya A1. Vigae vina ngazi zilizopangwa. Mtu akiwa katikati ya ngazi mbili, picha inanyooshwa, na kwenye chapisho ukungu unaonekana waziwazi. Pia pikseli yake ya sentimita 20 inaangukia katikati ya ngazi ya 19 na ya 20. Ukiishia 19 umepoteza undani, ukienda 20 unahifadhi pikseli ambazo kamera haikuzipiga.

Mimi swali langu kwa Kigae256 ni moja: picha zitabadilika? Na zikibadilika, ni zote kwa pamoja au kipande kipande?

Kigae256
Kipande kipande. Sehemu zenye ujenzi mwingi zitapigwa upya, nyingine zitakaa hivyo hivyo kwa muda mrefu.

Mpimaji_wa_Zamani
Hapo basi faili moja kubwa linaondoka mezani, angalau kwangu. Kipande kimoja kikibadilika utalazimika kuandika upya GB zote. Baki na vipande, kila kimoja kiwe na vigae na piramidi zake, kisha faharasa.

Ila faharasa ina mtego wake. Piramidi za kipande zinaishia ndani ya kipande. Mtu akitazama eneo lote, MapServer inafungua kila faili lililomo kwenye faharasa, hata kama kila moja linachangia pikseli chache. Kinachokuchosha hapo ni kufungua mafaili. Kusoma ni kidogo. Mimi huwa naweka tabaka mbili chini ya GROUP moja:

```
LAYER
  NAME "anga_karibu"
  GROUP "anga"
  TYPE RASTER
  STATUS ON
  TILEINDEX "faharasa.shp"
  TILEITEM "location"
  MAXSCALEDENOM 20000
END
LAYER
  NAME "anga_mbali"
  GROUP "anga"
  TYPE RASTER
  STATUS ON
  DATA "muhtasari.tif"
  MINSCALEDENOM 20000
END
```

Muhtasari unautoa kwa gdalbuildvrt juu ya vipande vyote, halafu gdal_translate yenye -outsize 5% 5% na -r average. Kwako itakuwa pikseli 5000 kwa 4000, kila moja mita 4, na kwa mizani ya 1:20,000 hiyo inatosha kabisa. Mtumiaji anaomba "anga" tu, hajui kama nyuma kuna mawili. Kipande kikibadilika, unakibadilisha hicho na kuunda muhtasari upya. Muhtasari wenyewe ni mdogo, haukusumbui.

pikseli_mbovu
Na COG je? Kila mahali naambiwa ndiyo mambo yote siku hizi.

Bi_Rasta
COG ni GeoTIFF yenye vigae na piramidi, iliyopangwa kwa utaratibu maalumu: maelezo ya faili yanakaa mwanzoni, ili msomaji aliye mbali achukue kipande cha mwanzo (GDAL huanza na KB 16), ajue kila kigae kiko wapi, kisha aombe kwa HTTP zile baiti anazozitaka tu. Ukiwa umehifadhi picha kwenye hifadhi ya wingu, tofauti ni kubwa mno. Ukiwa na diski ya ndani kama mkuu hapa, GeoTIFF ya kawaida yenye vigae na piramidi inafanya kazi ile ile, kwa kasi ile ile.

Hata hivyo mimi ningevitengeneza hivyo vipande kwa kiendeshi cha COG, kwa uvivu tu. Kimo ndani ya GDAL tangu toleo la 3.1, na amri moja inaweka vigae, inabana, inajenga na piramidi:

`gdal_translate kipande.tif kipande_cog.tif -of COG -co COMPRESS=JPEG -co QUALITY=85 -co OVERVIEW_RESAMPLING=AVERAGE`

Siku ukihamia kwenye wingu, huna cha kubadilisha. Kwa faili linaloweza kuvuka GB 4 ongeza -co BIGTIFF=YES, maana TIFF ya kawaida haiwezi kuvuka hapo.

SevaBaridi
ECW hamjaigusa. Mafaili yake kweli ni madogo, siwezi kumbishia huyo wa ofisini. Lakini maktaba yake ni mali ya kampuni, na kusoma bure kwenye kompyuta ya mezani si sawa na kutoa huduma kwenye seva: huko unatakiwa leseni. GDAL nyingi zinazokuja na mfumo hazina ECW, kwa hiyo kila ukipandisha toleo unaanza kujenga upya. JPEG yenye YCbCr (mwanga na rangi vikitenganishwa) ndani ya GeoTIFF itakusogeza karibu na ukubwa huo bila kumpigia mtu magoti.

pikseli_mbovu
Hiyo JPEG inafaa kwa kila rasta? Nina modeli ya mwinuko na ramani ya matumizi ya ardhi, nataka nizipitishe njia hiyo hiyo.

Bi_Rasta
Hapana! JPEG ni ya picha za macho tu. Mwinuko wa desimali ubane kwa DEFLATE na PREDICTOR=3, hakuna thamani itakayopotea. Ramani ya matumizi ya ardhi nayo DEFLATE, na kwenye piramidi usitumie average. Kama msitu ni 1 na maji ni 5, wastani wake ni 3, na 3 kwenye jedwali lako huenda ni shamba. Utaona mashamba yamechipuka kando ya kila ziwa ukirudi mbali, ukivuta karibu yanatoweka. Tumia mode (thamani inayojirudia zaidi) au nearest (thamani ya pikseli iliyo karibu zaidi).

Kigae256
Nimefanya alivyosema Mpimaji, vipande kwa COG na muhtasari juu yake. Karibu na mbali kote kumekuwa kwepesi, QGIS inatembea vizuri. Limebaki moja: pembeni mwa vipande vya mipakani kulikuwa na weusi ambao nilikuwa nauficha kwa nodata 0 (thamani 0 ihesabiwe kuwa tupu). Sasa weusi haufichiki wote, kuna vidoadoa na ukingo mchafu.

Mpimaji_wa_Zamani
Ni JPEG hiyo. Inapobana, 0 iliyo jirani na picha inageuka 1, 2 au 3, na nodata inatambua 0 kamili peke yake. Rudi kwenye vipande vya asili, usivishike hivi vilivyokwisha banwa. Pitisha nearblack (amri ya GDAL ya kushughulikia kingo nyeusi) yenye -setalpha upate bendi ya nne ya uwazi, halafu endesha amri ile ile ya COG. Kiendeshi kikikutana na bendi nne na JPEG, kinaigeuza ile ya uwazi kuwa barakoa ya ndani, ambayo haibanwi kwa JPEG, na ukingo unabaki safi. Kisha unda muhtasari upya kutoka kwa vipande vipya, la sivyo mbali utaendelea kuona weusi ule ule.

SevaBaridi
Na ukimaliza, weka MapCache juu ya hiyo "anga" kwa ajili ya watu wa kivinjari. Ngazi za mwanzo hadi ya 16 zitengeneze mapema, zilizobaki zijijaze zenyewe kadiri watu wanavyoziomba. Kipande kikibadilika, futa vigae vya eneo hilo tu.