Banio linatoa maji chini ya ukuta: tupige plasta?

Mkulima_Bondeni:
Asalam alaykum wataalamu. Banio letu la mpunga hapa Pemba ni ukuta wa mawe na saruji unaozuia maji: kimo mita 3, upana juu sm 60, chini mita 2.4. Tangu masika maji yanachuruzika chini ya ukuta, upande wa mashambani. Fundi anataka kupiga plasta nzito pale yanapotokea. Ni sawa?

Fundi_Mawe:
Waalaykum salaam. Asiguse kwanza. Kinga ndoo ya lita 20, pima inajaa kwa muda gani, kisha iache ituame. Maji meupe yasiyoongezeka wiki hadi wiki, endeleeni kuyapima tu. Yakiacha tope, msingi unaliwa: shusheni maji polepole na mtu asipite juu ya ukuta. Kagueni na kingo mbili. Mashimo ya kaa na panya hupitisha maji pia.

Mpima:
Plasta hiyo ndiyo itakayouondoa ukuta. Hesabu kwa kila mita ya urefu wake, maji yakifika juu kabisa: yanausukuma kwa tani 4.5, nao una uzito wa tani 10 na kidogo. Maji yaliyopenya chini yanaunyanyua, lakini kwa kuwa yana pa kutokea, nguvu yake inapungua hadi sifuri upande wa pili. Jumla tani 3.6 hivi. Ziba pale, itakaribia 7. Uzito unaobaki kuushika ni tani 3 tu, na ukuta unateleza mzima mzima. Wanaongoja kuona ufa watangoja sana.

Fundi_Mawe:
Kweli. Dawa iko upande wa maji. Kiangazi chimbeni mtaro kando ya msingi hadi ardhi ngumu, mjaze udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, mkishindilia kila sm 15. Yanakotokea, tandazeni mchanga mkubwa uliooshwa sm 15, kokoto sm 15, kisha mawe. Mkianza na kokoto, udongo utapita katikati yake. Na kabla ya kuchimba, mwambieni Sheha na muulize ZAWA (Mamlaka ya Maji Zanzibar) kuhusu kibali.

Mkulima_Bondeni:
Lango la kushushia maji limeshika kutu, haligeuki.

Mpima:
Msilipige nyundo, likivunjika likiwa wazi hamtalifunga tena. Chukueni mpira mgumu wa inchi 2, ujazeni maji, zibeni ncha zote, upitisheni juu ya ukuta. Ncha ya nje iwe chini kuliko maji ya bwawani. Zibueni ya ndani kwanza, ikiwa imezama.