Mwekezaji wa umeme wa upepo anataka eneo kijijini kwetu Monduli, tushike lipi?

kijana_monduli
Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Kijijini kwetu walikuja watu wakasimamisha mlingoti mrefu wa kupima upepo, sasa wanataka eneo wafunge ile mitambo ya mapanga makubwa. Mkutano mkuu wa kijiji ni wiki mbili zijazo. Wazee wanaogopea malisho, vijana wanataka ajira, akina mama wanauliza umeme utafika kwenye maboma au utapita juu tu. Mimi naona faida ipo, ila tudai nini?

fundi_njiro
Mdogo wangu, ajira msiitangulize. Nimefanya kazi za saiti, kuchimba misingi, kumwaga zege na kutengeneza barabara ndo kunachukua watu wengi, mitambo ikishasimama wanabaki mafundi wachache na walinzi. Na umeme wake unaingia gridi ya taifa, haushuki bomani bila transfoma na nguzo zake, kwa hiyo kama mnautaka uandikwe kwenye mkataba sasa hivi, sio baadaye.

yeyo_namanga
Marahaba mwanangu. Mimi nina ndugu Kajiado, Kenya, kule kuna mradi wa upepo wa Kipeto, mitambo 60, megawati 100. Ardhi imebaki ya wenyewe, wanaikodisha na wanalipwa. Ng'ombe wanachungwa hadi chini ya mapanga. Malisho hayaondolewi na mtambo jamani, yanaondolewa na fensi, hilo wazee walishike sana!! Msiuze, kodisheni.

mzee_wa_sekei
Naongezea kwa yeyo. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa eneo peke yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inataka mkutano mkuu. Wakitaka kulihawilisha, yaani kulitoa kwenye ardhi ya kijiji liwe ardhi ya jumla, na likazidi hekta 250 anayeidhinisha ni waziri, ila lazima nyinyi msikilizwe kwanza, na ardhi ya kijiji ikishahawilishwa kuirudisha ni kazi. Angalieni ule mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, Kenya, mitambo 365, imeanza kuzalisha vizuri kabisa halafu 2021 mahakama ya Meru ikasema hati za ardhi zilitolewa kinyume cha utaratibu. Mihutasari ya vikao mtunze nakala.

kijana_monduli
Asanteni sana, kesho jioni nakaa na wazee tuanze na hilo la fensi. Yeyo, hao ndugu zako wanalipwa kwa mtambo au kwa eka? Niulizie tafadhali kabla ya mkutano.