Mama (61) kapima mlango wa kizazi, cheti kinasema kuna seli za ndani ya kizazi. Tumwache au tumsumbue?

Binti_Mzizima: Wakuu habari zenu. Bi mkubwa wangu ana miaka 61, hedhi ilishakata zamani akiwa na 50 hivi. Juzi kati nikambembeleza akapime pap smia maana hajawahi, majibu kwa juu wameandika hakuna dalili ya saratani ya mlango wa kizazi tukashukuru Mungu, ila chini kuna mstari eti zimeonekana seli za endometria kwa mama aliyekoma hedhi, aonane na daktari wa akina mama. Aliyetupa majibu alikuwa na foleni akasema rudini mwakani. Mama naye anasema haumwi kitu nisimtafutie ugonjwa. Ana presha, sukari na mwili anao. Nifanyeje?

mzee_wa_kona: Cheti kimesema hamna saratani, hamna. Hao wanatafuta hela ya vipimo tu, mpe bi mkubwa mwarobaini maisha yaendelee

nesi_wa_zamu: Mzee wa kona punguza spidi 😀 Binti, pap smia inachota seli za mlangoni, za ndani ya kizazi ikizikuta ni bahati tu. Kwa hiyo kuwa safi mlangoni hakuna maana na ndani kuko safi. Hizo seli ni za ule ukuta unaobomoka kila mwezi na kutoka kama hedhi, mdada wa 28 akikutwa nazo hakuna anayeshtuka. Mama wa 61 ule ukuta unatakiwa uwe mwembamba umetulia, sasa nini kinaumwaga? Mara nyingi ni polipu (kiuvimbe kinachoota ndani ya kizazi) au ukuta umenenepa, saa nyingine ndo saratani yenyewe inaanza. Ndo maana maabara zinaandika hilo jambo kwa wa miaka 45 kwenda juu. Kurudia pap mwakani hakujibu swali, wala kipimo cha siki, wala cha HPV (virusi vinavyoleta saratani ya mlangoni), vyote hivyo ni vya mlangoni. Hapo ukuta wa ndani wenyewe ndo unapimwa. Na uzito na sukari vinaongeza hatari, sikufichi.
Hebu soma tena cheti, wameandika seli za tezi zisizo za kawaida popote? Kama ndiyo, ni habari nyingine, nzito zaidi, na kolposkopi (kuuangalia mlango wa kizazi kwa darubini) inahusika

Binti_Mzizima: Hapana dada, wameandika seli za endometria tu

Mama_Wawili_Tanga: Pole mdogo wangu. Mama mkwe wangu yalimkuta hayo, yeye alitumia tamoksifeni baada ya saratani ya ziwa, kumbe ile dawa inaweza kunenepesha ukuta wa kizazi. Wakakuta polipu wakaitoa, leo yuko shamba analima. Muulize mama kama anatumia dawa yoyote ya homoni, hata za kienyeji za kurudisha ujana maana wengine wanazimeza kimya kimya

Binti_Mzizima: Jamani nimerudi. Mimi mama hakuniambia kitu ila shangazi kamdodosa, kumbe kuna vidoa vya kahawia anaviona kwenye nguo ya ndani akajua ni fangasi za sukari!!

nesi_wa_zamu: Basi hapo mwakani futa. Damu yoyote baada ya kukoma hedhi hata kidoa inachunguzwa. Usimtishe, wanaotokwa hivyo kama 1 kati ya 10 ndo anakutwa na saratani, ila ukigeuza, karibu 9 kati ya 10 wenye saratani ya ndani ya kizazi wakishakoma hedhi huanza na damu, na ikiwahiwa inatibika vizuri. Watampiga utrasaundi ya kuingiza ukeni, ukuta ukizidi milimita 4 wanachukua kinyama kidogo cha huo ukuta kwa kimrija chembamba kikapimwe maabara. Na hata ukiwa mwembamba, kwa cheti hicho ulizia kinyama

mzee_wa_kona: Nimeelewa sista, mwarobaini nafuta

Mama_Wawili_Tanga: Omba daktari wa kike kama mama ana aibu, na cheti mkiache kwa shangazi siyo kwa mama, kitapotea hicho 😅

Binti_Mzizima: Shangazi ndo atampeleka Jumanne. Sasa na hiyo sukari, asubuhi ale au asile?

nesi_wa_zamu: Kinyama cha kimrija hakina nusu kaputi, ale kama kawaida na dawa zake anywe. Kama anatumia dawa za kulainisha damu awaambie mapema. Wakisema wanamlaza wamsafishe kizazi, hapo watampa masharti ya kufunga, akumbushe ana sukari

Binti_Mzizima: Sawa dada, majibu ya kinyama yakitoka nayaweka hapahapa