Mjadala: Tukatwe shilingi hamsini kwa mwezi kwa ajili ya televisheni ya umma?

MWANZISHA MADA, TUDOR
Naomba tulijadili hili kwa hesabu, hasira tuziweke kando kidogo. KBC, Shirika la Utangazaji la Kenya, ni shirika la umma tangu 1989 lilipochukua nafasi ya Sauti ya Kenya. Linaendeshwa kwa fedha za bajeti, matangazo ya biashara na madeni. Machi 2024 serikali ilijaribu njia nyingine, ikaziagiza wizara na mashirika yake yapeleke matangazo yote KBC, na jambo hilo likafika mahakamani. Njia nyingine ambayo nchi kadhaa zinaitumia ni mtazamaji mwenyewe kulipia. Tuseme shilingi 50 kwa mwezi kwa kila nyumba yenye televisheni. Kiasi hicho nimekiweka mimi ili tupate pa kuanzia. Tulipe au tusilipe?

KIJANA WA KONGOWEA
Tusilipe. Mshahara unakatwa SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75, tozo ya nyumba asilimia 1.5, bado NSSF ya pensheni na PAYE, kodi ya mapato. Serikali iliyoondoa Mswada wa Fedha Juni 2024 kwa sababu ya kodi, leo ije itudai hamsini ya kutazama hotuba? Hata kwa shilingi tano sikubali.

MHASIBU, NYALI
Ndugu yangu, hata tukiacha hasira zako, hesabu yenyewe haisimami. Sensa ya 2019 ilipata kaya kama milioni 12.1, na asilimia 40 na kidogo ndizo zilizokuwa na televisheni. Hizo ni kaya kama milioni 4.9. Hamsini mara kumi na mbili ni 600, kwa hiyo wakilipa wote zinapatikana bilioni 2.9 kwa mwaka.

Ila wote hawatalipa. Afrika Kusini ada ni randi 265 kwa mwaka, na mwenye duka haruhusiwi kukuuzia televisheni mpaka aone leseni yako. Pamoja na ukali huo, wasiolipa wamepita asilimia 80. Basi chukua mlipaji mmoja katika kila watano: bilioni 2.9 inabaki milioni 588. Halafu weka wakaguzi wa kubisha hodi, ishirini kwa kila kaunti, mshahara 30,000. Kaunti 47 zinahitaji wakaguzi 940, nao wanakula milioni 338 kwa mwaka kabla hujagusa nauli, risiti na kesi. Zaidi ya nusu ya makusanyo imeishia mlangoni. Ghana walifufua ada yao 2015, sedi 36 kwa mwaka kwa nyumba yenye televisheni moja, na 2018 ikatangazwa mahakama maalumu ya wakwepaji. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa kuliko ada yenyewe.

FUNDI WA ANTENA, KISAUNI
Mhasibu, kuna jambo lingine zito zaidi. Asiyelipa huwezi kumkatia. King'amuzi cha kulipia kina kadi, au namba yake iko kwenye mtambo wa kampuni. Malipo yakiisha chaneli inafungwa kutoka huko. KBC inarushwa wazi kwa mfumo wa DVB-T2, yaani dijitali ya kunaswa kwa antena. Ving'amuzi vya bure vilivyojaa mitaani havina hata tundu la kadi, na televisheni nyingi mpya zina tyuna ya T2 ndani yake, unachomeka waya wa antena ukutani basi. Ukiifunga chaneli kwa msimbo ili uwabane wakwepaji, umezima vifaa vyote hivyo kwa siku moja, vya walipaji na wasiolipa. Watu wataanza kununua ving'amuzi upya kama 2015 mitambo ya analojia ilipozimwa. Hasira za mwaka ule mnazikumbuka.

Na kwetu Pwani kuna utata mwingine. Mlipaji atataka picha. Picha ya dijitali haikupi mchelemchele kwanza kama zamani. Inaganda, inakatikakatika, halafu kioo kinaandika hakuna mawimbi. Mara nyingi mnara hauna kosa lolote. Chumvi ya bahari imeingia kwenye kichwa cha waya, shaba imeota kijani. Fungua menyu utazame mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora chini, shuku maungio ya waya, au mawimbi yanayogonga maghorofa na kurudi. Zote mbili zikiwa chini, antena imegeuka au waya umekatika. Sasa mtu amelipa miezi sita na waya wake umeoza, anarudishiwa na nani? Ada ya lazima huja na dawati la malalamiko, na hilo nalo lina gharama.

MWALIMU MSTAAFU, MJI WA KALE
Wanangu, mmekimbilia kwenye kukusanya kabla hatujakubaliana tunanunua nini. Chaneli ya kibiashara hupanga vipindi kwa kumtazama mwenye tangazo. Kipindi cha wavuvi wa Vanga, cha lugha ya ishara, cha historia ya Mvita, hakina muuza sabuni wa kukidhamini. Uingereza walianza na leseni ya redio ya shilingi kumi za kwao mwaka 1922, wakaongeza ya televisheni ya paundi mbili mwaka 1946, na mwaka 2025 ada ilikuwa paundi 174.50 kwa mwaka. Siyo kwamba Waingereza wanapenda kodi. Shirika lenye fungu lake haliendi kumpigia magoti waziri kila Juni. Leseni ya redio na televisheni hata hapa iliwahi kuwepo, kijana wa Kongowea hajui tu.

KIJANA WA KONGOWEA
Shikamoo Mwalimu. Vipindi vya wavuvi wa Vanga navitaka hata mimi. Nionyeshe ratiba ya wiki hii nihesabu saa ngapi ni za Pwani, ndipo tuzungumze bei. Pwani FM nasikiliza bure, na ni ya shirika hilohilo.

MWALIMU MSTAAFU, MJI WA KALE
Marahaba. Hilo la ratiba nakubali. Liandikwe ndani ya sheria, saa kwa saa. Na Pwani FM si bure, mwanangu. Inalipiwa na kodi yako, wewe huoni risiti tu.

FUNDI WA STIMA, CHANGAMWE
Kama lazima ikusanywe, wakaguzi wa mlangoni tuwasahau. Italia walikuwa na wakwepaji zaidi ya robo ya nyumba. Mwaka 2016 wakaiingiza ada kwenye bili ya umeme ya makazi, kwa awamu kumi kwa mwaka. Asiye na televisheni hujaza tamko kila mwaka, na akidanganya anashtakiwa. Wakwepaji wakashuka chini ya asilimia 10, na ada yenyewe ikateremka kutoka yuro 113.50 hadi 100, kisha 90. Mauritius nao waliwahi kukusanya kwa bili ya stima.

Hapa kwetu njia ipo tayari. Tokeni za stima zinabeba gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, asilimia 5 ya stima ya vijijini, tozo ya EPRA, mamlaka ya nishati, na VAT. Kuongeza mstari mmoja ni kazi ya programu tu. Tatizo liko kwa mnunuzi wa tokeni ndogo ndogo. Ile ada ya kudumu ya Sh 150 iliyofutwa 2018 ilikuwa inakatwa kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi, na usiponunua miezi miwili inakungoja imejikusanya. Mtu ananunua tokeni ya mia, anapata uniti za kuchekesha. Hamsini ya televisheni itafanya vivyo hivyo, mia yako nusu imekwenda. Ikikatwa kwa asilimia ya kila ununuzi inauma kidogo kidogo, lakini hapo mwenye friji na pampu ya maji atalipa zaidi ya mwenye televisheni.

MHASIBU, NYALI
Basi wasamehewe wanaotumia chini ya uniti 30 kwa mwezi, daraja la bei nafuu lipo tayari.

FUNDI WA STIMA, CHANGAMWE
Piga hesabu. Televisheni ya LED ya inchi 32 inakula wati 45 hivi. Saa tano kwa siku ni uniti 0.225, kwa mwezi uniti 6.75. Ongeza taa nne za LED, chaji ya simu na feni ya jioni, mtu bado yuko chini ya 30. Ukiwasamehe wote hao, umewasamehe watazamaji wengi uliokuja kuwadai. Si vibaya, ila ile bilioni 2.9 yako uipunguze upya. Na upande wa pili kuna mita za maduka, misikiti, makanisa na visima, ambazo hazina televisheni kabisa.

MWENYE NYUMBA, MAJENGO
Wote mnazungumza kana kwamba kila mlango una mita. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, mita moja. Wapangaji sita wanachangia tokeni. Kila chumba kikitumia uniti 12, mita inasoma 72, na hilo daraja la bei nafuu limeshawapita ingawa kila mmoja ni mtu wa kipato kidogo. Ugomvi wa nani ana pasi na nani ana friji hauishi. Sasa ongezeni na ada ya televisheni. Ikidaiwa kwa mita, hamsini inagawanywa kwa sita na mwenye redio tu anamlipia jirani. Ikidaiwa kwa televisheni, mimi ndiye niwe mkaguzi nihesabu vioo vya wapangaji? Na mita imeandikwa jina la marehemu babu, faini inakwenda kwa nani?

Naona hapo hamna jibu.

WAKILI, KIZINGO
Jibu moja wanalo Wajerumani. Tangu Januari 2013 waliacha kuhesabu vifaa, wakatoza kila makazi, uwe na televisheni, simu au huna chochote. Mwaka 2021 ilifika yuro 18.36 kwa mwezi. Ugomvi wa "mimi natazama kwenye simu" uliisha. Uingereza hilo la simu liliwasumbua mpaka Septemba 2016 walipoamua kwamba hata anayetazama vipindi vya BBC kwa intaneti lazima awe na leseni. Lakini kwa nyumba ya Majengo mfumo wa Ujerumani ungeweza kutoza vyumba sita ada sita, iwapo kila chumba kitahesabiwa makazi yake, na walio wengi huku wangelipia wasichonacho.

Mimi nina wasiwasi mkubwa kwingine. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni bila sheria, kwa hiyo waziri hawezi kuamka na tangazo la gazeti. Hilo ni jepesi, Bunge litapitisha. Zito ni kifungu cha 34(4): vyombo vya habari vya dola viwe huru kuamua maudhui, visipendelee upande, na vitoe nafasi kwa maoni yanayopingana. Mwalimu anasema fungu maalumu linaleta uhuru. Linaleta pale tu anayepanga kiwango na anayeteua wakuu si mtu mmoja. Ujerumani kiwango hupendekezwa na tume ya wataalamu. Jimbo la Saxony-Anhalt lilipokataa nyongeza, mahakama ya katiba iliipitisha Agosti 2021, ikisema kuizuia kulivunja uhuru wa utangazaji. Finland baraza la usimamizi la Yle, shirika lao la utangazaji la umma, huchaguliwa na Bunge. Kwetu mwenyekiti wa bodi ya KBC huteuliwa na Rais. Leteni ada bila kugusa hapo, mtakuwa mmemwongezea mwajiri yuleyule mfuko wa pili.

MWENYE KIBANDA CHA MPIRA, LIKONI
Na sisi wa vibanda? Televisheni mbili, watu themanini siku ya fainali. Tunalipa kibali cha kaunti, tunalipa leseni za muziki, tunalipa king'amuzi cha biashara. Mtatutoza kama nyumba au kama hoteli?

WAKILI, KIZINGO
Uingereza hoteli hulipa ada moja kwa vyumba 15 vya kwanza, kisha ada moja kwa kila vitano vinavyozidi. Hoteli ya Bamburi yenye vyumba 100 ingelipa ada 18. Kibanda chako kingekuwa sehemu moja ya biashara, ada moja.

MWENYE KIBANDA CHA MPIRA, LIKONI
Ada 18 za hamsini ni mia tisa kwa mwezi. Hoteli ya vyumba mia, mia tisa, mimi hamsini. Hiyo sawa, nakubali hata leo. Andikeni tu kwamba msimamizi wa kaunti asije naye na risiti yake.

MHASIBU, NYALI
Kabla hamjaandika, kuna fungu ambalo halihitaji kubisha hodi kwa mtu. Kampuni za mawasiliano zenye leseni huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao ghafi kwenye Mfuko wa Huduma kwa Wote. Uliundwa ili huduma zifike kule biashara isikofika, na mnara wa kurushia matangazo kule Tana River ni kazi ya aina hiyohiyo. Sheria itenge sehemu isiyobadilika iende kwenye minara na vipindi vya umma, ihesabiwe kando na mishahara. Ufaransa walifuta ada yao ya yuro 138 mwaka 2022, wakaweka sehemu ya VAT badala yake. Kwa Mfuko wetu huo, walipaji ni kampuni chache zinazokaguliwa tayari, gharama ya kukusanya karibu hakuna.

KIJANA WA KONGOWEA
Kampuni ya simu nayo itamtoza nani? Bando zitapanda.

MHASIBU, NYALI
Asilimia 0.5 wanalipa tayari, shekhe. Mimi nataka igawanywe upya, kiwango kibaki hapohapo.

FUNDI WA ANTENA, KISAUNI
Ikigawanywa, wa intaneti ya shule watalia kwamba mmewanyang'anya. Mimi ningekubali kwa sharti moja: fedha za minara zitoke kwa orodha ya mahali, Vanga, Kinango, Garsen, na kila mahali paandikwe mwezi wa kuwashwa, nguvu ya mtambo na jenereta ina mafuta ya siku ngapi stima ikipotea. Orodha hiyo ikibandikwa, hata mie naweza kwenda na mita yangu ya mawimbi nikapima kama mtambo unafanya kazi.

WAKILI, KIZINGO
Hiyo iingie kwenye maoni ya umma kama ilivyo, Fundi. Na yule wa Majengo swali lake la mita ya marehemu lipelekwe hivyohivyo, maana hakuna mswada wa tozo wa bili ya stima utakaopita Mombasa bila kulijibu.

MWENYE NYUMBA, MAJENGO
Nalipeleka mwenyewe. Mikutano hiyo hufanywa saa nne asubuhi siku ya kazi, mimi ndiye nitakayekuwepo.